Gari la Magurudumu Manne Nililolikataa Thika

Waliokuwepo siku hiyo ni hawa. Mume wangu Njoroge wa Karanja. Dada yake Wairimu, ambaye alikuwa bado hajaolewa na ulimi wake ulikata kama panga la kufyekea. Mama yao Wambui, mama mkwe wangu, niliyemwita maitu kama nilivyomwita aliyenizaa. Kiarie mwenye duka pale Ruiru, rika moja na mume wangu, ndiye aliyekuwa na gari jeusi. Mutua wa Nzioka, Mkamba, dereva wa Mhindi mnunuzi wa ngozi pale Thika. Na baba mkwe wangu Karanja mwenyewe, lakini yeye alikuwa ndani ya sanduku. Mwingine ni mimi Wanjiku, na aibu ya siku hiyo ni yangu, sitaki kumgawia mtu.

Naandika haya (herufi zangu ni za shule ya jioni, mtanivumilia) kwa sababu wajukuu wangu wa Membley wananicheka. Wananiambia, cucu, siku hizi lami imefika mpaka mlangoni, hiyo pikapu yako inakula mafuta bure, tuiuze tukununulie kagari kadogo. Basi wasome, halafu waniambie tena niuze.

Ilikuwa wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya vita vya Mau Mau, mvua ya Aprili. Baba mkwe alikuwa amefia hospitalini Thika, ugonjwa wa kifua, na tangu habari itufikie kule Ruiru, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la kahawa, maitu alikuwa na neno moja tu. Azikwe Kalimoni, kwenye makaburi ya kanisa walikomzika mtoto wao wa kwanza, na yeye mwenyewe awepo, aone anapolazwa. Waliofia hospitalini wasipochukuliwa na watu wao walizikwa pamoja nyuma ya mji, hakuna msalaba, hakuna jina, na maitu alikuwa amewaona wanawake wakizunguka pale wakiuliza na hakuna wa kuwajibu. Akasema, "Mimi sitazunguka." Njoroge akaenda ofisi ya serikali akaomba, akarudi akaomba tena, akapata ruhusa ya sisi sote kusafiri na kuzika, lakini ya siku hiyo moja, na mwisho wake ni kafyu, jua linapozama.

Sasa tulipofika hospitalini Thika, mimi ndiye niliyetumwa kutafuta gari. Njoroge alikuwa ndani na fundi wakipigilia sanduku, na Kiswahili cha maitu kilikuwa cha kuhesabu madebe ya kahawa tu, lakini mimi nilikuwa nimelea watoto wa memsahib kabla ya kuolewa, na nilikuwa najisifu (nasema ukweli) kwamba hakuna neno la Kiswahili linaloweza kunishinda. Nikatoka na Wairimu mpaka kwenye lango la hospitali, na hapo nikakuta magari mawili.

La kwanza ni la Kiarie, lile jeusi, boksibodi yenye mlango wa nyuma, limepakwa nta mpaka unajiona uso, na lina pazia ndogo madirishani. Kiarie alikuwa ametufuata kutoka Ruiru kwa wema wake, bila kuitwa. La pili ni pikapu ya Mutua, ya rangi ya kinyesi cha ng'ombe, nyuma imejaa chumvi na damu iliyokauka, nzi wamejaa kama ni kwao. Mutua alisikia ninakoenda, akaniambia huko ndiko anakokwenda kuchukua ngozi kila wiki, na angetubeba akimaliza kumngoja tajiri wake.

Akasema, "Mama, huko Kalimoni leo chukua hii. Hii ni ya magurudumu manne."

Nikamwangalia. Nikaliangalia gari la Kiarie. Kisha nikasema kwa sauti, ili wale wachuuzi wa langoni wasikie Kiswahili changu, "Hata lile ni manne. Nimehesabu. Na la tano limefungwa mgongoni, kwa hiyo limekushinda."

Watu wakacheka. Wairimu naye akacheka, akaongeza, "Hili lako lina manne na nzi elfu." Nikaona wote wanamcheka Mutua. Yeye mwenyewe hakukasirika, alijaribu tena, "Sivyo, mama, nasema yote manne yana..." na mimi nikamkata, "Baba mkwe wangu si ngozi," nikageuka nikaenda zangu. (Mnaona hapo. Angemaliza hilo neno moja.)

Tukapakia sanduku kwa Kiarie. Upande wa miguu ya marehemu ulitokeza mlango wa nyuma, ikabidi mlango ufungwe kwa kamba ya katani. Maitu akakaa mbele, amejifunga kitambaa cheupe cha kanisani, sisi tukajibana kando ya sanduku. Barabara kubwa tulienda vizuri, watu wanavua kofia, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nikichungulia kwenye pazia kuona ni nani anatuona.

Halafu tukakata kona ya kuelekea Kalimoni.

Nyinyi mnaujua ule udongo mweusi. Ukiwa mkavu unapasuka mpaka mbuzi anavunjika mguu, na ukinyeshewa unakuwa kama uji wa kulisha mtoto, ila huu ndio unaokula wewe. Hatukufika mbali. Gari liliyumba, likageuka ubavu kama mlevi anayetafuta choo, likakaa. Kiarie akakanyaga mafuta, likazama. Tukashuka tukasukuma, Njoroge, Wairimu na mimi, viatu vyangu vikabaki humo chini na mpaka leo viko huko. Maitu naye akashuka, hakuna aliyemwambia ashuke, akaweka mikono yake miwili kwenye lile gari jeusi asukume, na magurudumu ya nyuma yakazunguka hapo hapo yakammwagia matope kutoka kichwani mpaka miguuni. Alijipangusa macho tu akaweka mikono tena.

Wakati huo wachumaji wa shamba la jirani walikuwa wanarudi na vikapu, wakasimama kutuangalia. Wengine walikuwa wanatujua. Mmoja akauliza, "Hiyo nta ya Kiarie imefanya kazi gani?" Na kabla mtu hajamjibu, Kiarie akakanyaga kwa hasira, gari likaruka likarudi, kamba ikakatika, na baba mkwe wangu akatoka nyuma polepole, nusu ya sanduku hewani, na nusu ile ikainama ikaingia kwenye matope mbele ya watu wote. Hakuna aliyecheka tena. Wachumaji wakaweka vikapu chini wakatusaidia kulinyanyua, na hatukuwa na mahali pa kuliweka, tukasimama nalo begani, jua linashuka, mvua ndogo inaanza, hakuna wa kusema twende mbele wala turudi.

Ndipo tukasikia pikapu. Mutua alikuwa amemaliza kumngoja tajiri wake mapema, lakini kwa kuwa nilimkataa alikwenda kwanza kazi zake za mjini. Akasimama pale mwanzo wa matope, akashuka, akaangalia. Nilitaka ardhi inimeze, na ilikuwa tayari imeanza, maana nilikuwa ndani mpaka vigimbi vya miguu. Akamwambia Kiarie akanyage kidogo, kisha akaniita mimi.

"Mama, hesabu yanayozunguka."

Nikaangalia. Ya nyuma yalizunguka mpaka yakatoa moshi. Ya mbele yalilala tu kama yamekufa.

"Mawili," nikasema.

"Ndiyo nilikuwa nakuambia," akasema. Hakucheka, na afadhali angecheka. Akatandika magunia yake juu ya ile chumvi, wakalaza sanduku, akaingia, akavuta kijiti kidogo kando ya gia, na ile pikapu ikapita katika matope yale yale, haraka haina, kama ng'ombe mzee anayerudi zizini. Tulimwacha Kiarie na gari lake.

Lakini kule mbele kulikuwa na kizuizi cha homugadi, wale askari Waafrika wa serikali, na jua lilikuwa limebaki kidole kimoja. Mkubwa wao aliangalia ruhusa akasema ni ya leo na leo imekwisha. Njoroge akamsihi, akapiga magoti kwenye maji. Mwisho yule mtu akasema, "Wanaume waende wazike haraka nitawafungulia. Wanawake hapana. Wanawake wabaki hapa mpaka asubuhi, halafu wanarudi walikotoka."

Maitu akasema kwa Kikuyu, "Mimi ni mke wake."

"Nimesikia, mama. Nimesema wanaume."

Maitu akashika ubao wa nyuma wa pikapu. Njoroge alimtoa vidole kimoja kimoja, mtoto wake mwenyewe, analia. Pikapu ikaondoka, na mimi niliyesimama nyuma yake niliona magurudumu yote manne yakizunguka vizuri kabisa. Tungepanda hilo tangu Thika tungepita pale jua liko juu.

Asubuhi walitufukuza kurudi Ruiru. Kutoka siku hiyo wachumaji waliniita Wanjiku wa Manne, na nilipokwenda mtoni kuna aliyeniuliza kama ndoo yangu nimeihesabu. Hilo lilinichoma, lakini si kama kumuona maitu akifua kile kitambaa chake.

Kwa hiyo tulipopata shamba letu, mume wangu akitaka nyumba ya mabati, nilisema mabati yatangoja. Pikapu kwanza, inayovuta mbele na nyuma. Imebeba wanawake wenye uchungu wa kuzaa, imebeba maiti za majirani, na hakuna mjane wa hapa kwetu aliyeachwa njiani. Na tangu hapo mtu akinieleza gari namwacha amalize, hata akiwa ananuka ngozi.

Miaka ilipita kabla hatujaruhusiwa kwenda Kalimoni. Misalaba ya miti ilikuwa imeoza, na makaburi ya mvua ile yalikuwa mengi na yote yanafanana. Njoroge alisema ni la upande wa ukuta, kichwa kimeelekea kanisani. Mutua, tulipomtafuta Thika, alisema ni la pili kutoka lango, kichwa kimeelekea mlima wa Kilimambogo, anakumbuka kwa sababu yeye ndiye aliyeshika upande wa kichwa. Hawakukubaliana mpaka wakafa wote wawili. Maitu alizunguka pale, akauliza, kisha akakaa chini katikati ya makaburi hayo mawili, akaweka mkono huku na mkono huku.

Mimi husema ni lile la ukuta, kwa sababu ndivyo alivyosema mume wangu. Lakini kulikuwa na vijana wa kanisa waliochimba usiku ule, sikuwahi kujua majina yao, na labda yuko mmoja anayeishi, au alimwambia mtoto wake. Kama nimekosea, tafadhali anisahihishe. Aniambie tu kichwa kilielekea wapi.