Jina Nililoliruka

Majani ya mkaratusi yakikanyagwa baada ya mvua ya vuli hutoa harufu kali inayopanda puani na kukaa huko. Ndiyo harufu ya makaburi ya parokia yetu, kwenye mteremko nyuma ya kanisa, juu katika milima ya Upare, mahali ambapo asubuhi isiyo na ukungu unaiona barabara kuu kule chini na tambarare inayoelekea Same. Wengine harufu hiyo huwakumbusha dawa ya mafua. Mimi hunikumbusha wivu. Nasema wazi, maana nimeshakuwa mtu mzima na sina wa kumwogopa: nilimwonea wivu kaka yangu aliyelala pale, tena wivu hasa, wa kunikosesha usingizi, na mwenyewe alikuwa marehemu.

Aliitwa Deogratias, sote tukisema Deo. Alikufa kwa surua akiwa na miaka minne, mimi bado nanyonya, kwa hiyo hata sura yake sikuijua. Lakini nyumbani kwetu alikuwepo kuliko mimi. Sokoni, kanisani, kisimani, kila mahali mama aliitwa Mama Deo, kwa kuwa kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na mtoto akifa jina halibadilishwi. Mimi Anjela, niliyechota maji, niliyekata majani ya ng'ombe, niliyemkanda mgongo ukimuuma, hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kumwita Mama Anjela kwa ajili yangu. Siku moja nilimwomba jirani yetu amwite hivyo, hata kwa utani tu. Alicheka mpaka akashika kiuno. "We mtoto una vituko! Mama Deo ni Mama Deo," akasema. Nikaenda zangu nyuma ya zizi nikalia. Na nikikosea kitu kidogo nilitajiwa huyo huyo: Deo hakuwa mlizi, Deo alikula bila kubembelezwa, Deo akiitwa mara moja anaitika. Jamani, mtoto wa miaka minne! Angepewa muda naye angevunja vyungu.

Miaka hiyo ilikuwa ya taabu. Sabuni tulikuwa tukisikia habari zake tu, sukari ilikuja kijijini kwa nadra na watu wakaipangia foleni tangu alfajiri, na khanga za mama zilichakaa mpaka zikawa zinaonyesha. Baba alifanya kazi kwenye shamba la mkonge huko tambarare na tulimwona Krismasi na Pasaka. Kisha tukaanza kusikia kwamba sasa ni ruksa, wafanyabiashara wanaingiza vitu, na mabunda ya mitumba yameonekana Hedaru, kule chini barabarani. Mama akajitwisha maharage yetu akashuka kwenda kuyauza, nami akaniahidi viatu. Nilikuwa na miaka kumi na sikuwahi kuvaa viatu vyangu mwenyewe. Nilimsubiri njiani tangu mchana, nimesugua miguu kwa jiwe mpaka visigino vikang'aa. Jioni akatokea kwenye kona, kichwani ana mzigo mzito umefungwa kwa khanga. Nikaupokea mbio. Ndani mlikuwa na saruji iliyopimwa kwenye mfuko, na pakiti moja ya mishumaa. "Viatu vitakuja, mwanangu," akasema huku akihema. "Leo nimepata saruji ya msalaba wa Deo. Tangu azikwe ana mti tu, na mchwa wameumaliza." Niliitazama miguu yangu misafi nikaona aibu.

Siku ya kuwaombea marehemu wote, mwanzoni mwa Novemba, kila nyumba hupeleka karatasi yenye majina ya watu wake. Majina husomwa pale pale makaburini, nyumba baada ya nyumba, kila familia ikiwa imesimama kando ya makaburi yake. Msomaji wakati huo alikuwa katekista wetu, Mwalimu Kolumba, mzee mrefu mwenye kikohozi, aliyenifundisha kuandika kwa mwiba juu ya jani la mgomba, kwa sababu madaftari hayakupatikana. Alikuwa akiwaambia watu kwamba mwandiko wangu ni mzuri kuliko wake. Mama hakujua kuandika, kwa hiyo karatasi yetu niliiandika mimi, naye akinitajia huku akichambua mchicha. "Anza na Deo," akasema. Nikaandika babu, bibi, mjomba, shangazi, wote aliowataja mpaka wakatimia tisa. Deo nikamruka. Nikakunja karatasi, nikampelekea Mwalimu, nikamwamkia shikamoo kwa adabu zote, nikarudi nyumbani nikila muwa.

Siku yenyewe mama alisimama kando ya msalaba mpya wa saruji, amevaa khanga ya kuazima, ameshika mshumaa na kuukinga upepo kwa kiganja. Ikafika zamu ya nyumba yetu. Mwalimu akasoma majina tisa, tukaitikia, akakunja karatasi na kuchukua ya nyumba nyingine. Mama alikuwa bado ameinamisha kichwa, anasubiri. Kisha akainua uso. "Mwalimu," akasema mbele ya watu wote, "wangu bado." Mwalimu akaifungua tena karatasi, akaitazama mbele, akaigeuza nyuma, halafu akanitazama mimi. Alijua. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. "Samahani sana, Mama Deo," akasema. "Ni macho yangu haya, uzee. Deogratias." Watu wakaitikia. Nyuma yangu wanawake wakaanza kunong'ona kwamba mzee amekwisha, na mwaka uliofuata kazi ya kusoma majina akapewa kijana mwenye macho mazima. Mwalimu Kolumba hakumwambia mtu, wala mimi hakunikumbusha. Aliendelea kunifundisha kama kawaida, na hilo liliniumiza zaidi kuliko viboko.

Mama hakudanganyika. Tulipofika nyumbani alikaa kwenye kigoda jikoni akaniita.

"Anjela, uliandika wangapi?"

"Tisa, mama."

Nikasubiri fimbo. Hakuitafuta. "Wewe nakuona kila siku nikiamka," akasema taratibu. "Nakulisha, nakufokea, kesho utakua, utaolewa, utaniletea wajukuu. Yule nimlee na nini? Nimebaki na jina lake tu, nawe umeninyima." Akainuka akabandika sufuria. Ningependa kusema kwamba niliona huruma. Sikuona. Nilichosikia ni kwamba kwa Deo mama alikuwa na uchungu, na kwangu mimi alikuwa na kazi za nyumbani.

Mwaka jana nilipanda tena kule. Saruji siku hizi iko kila duka la Same, mishumaa inauzwa mlangoni pa kanisa, makaburi yamevikwa vigae, na majina tunayatuma kwa simu, yanasomwa kwa kipaza sauti. Vitu ni tele, ila waliosimama makaburini ni wachache, vijana wako mijini. Kwenye kaburi la Mwalimu Kolumba niliomba msamaha kwa sauti, mtu mzima mzima, nimechelewa miaka mingi. Mama naye amezikwa ubavuni kwa Deo, alivyoagiza mwenyewe. Upande wake wa pili kuna mwamba, hapachimbiki. Na hata pangechimbika, mimi nimeolewa Morogoro. Mke huzikwa kwao mume, nami nimeshaonyeshwa pangu, katikati ya mashemeji ambao mama yangu hawakumjua hata kwa sauti. Kipaza sauti kikataja jina la mama, kikafuata la Deo, pamoja, mmoja baada ya mwingine. Nikaitikia na wenzangu. Nimevuka hamsini, nina wajukuu wawili, na bado namwonea wivu mtoto wa miaka minne.