Siku Pawa Ilipokauka Oili

Harufu ya oili chafu ikiungua juu ya mti mbichi hunikuta katikati ya jiji, vibarua wakipunguza matawi kando ya barabara, nami husimama ghafla kama mtu aliyeitwa. Wapita njia hunigonga na kunilaani. Shahada zangu mbili hazijanisaidia kuipita harufu hiyo.

Baba alikuwa mkata miti. Msumeno wake wa petroli tuliuita pawa, na toka kwetu Kinoo hadi Woodley aliitwa kila mti ulipotishia paa la mtu. Jumamosi moja kaka yake, baba mkubwa, alifika akiwa na suti yake ya ofisini. Vigingi vya nyumba za kupangisha vilikuwa vimeshachomekwa kwenye shamba la urithi, na mwavokado wa kona ulisimama pale pa nyumba ya mwisho; alitaka baba aukate.

Mti wenyewe ulizaa mno, lakini mama hakula tunda lake hata moja, wala hakulipeleka sokoni Dagoretti pamoja na sukuma wiki yake. Matunda yalianguka, yakaoza, nasi tulikatazwa kuyapiga teke. Mimi nilitamani sana kuuona ukianguka.

Baba aliwasha pawa, akaelekeza ncha yake kwenye katoni nyeupe. Oili ikitoka vizuri, mnyororo huirusha ikachora mstari mweusi. Katoni ilibaki safi.

“Haitoi oili,” akasema. “Nikikata hivi, mnyororo utaungua.”

Akazima. Akachokoa kitundu cha oili kwa waya, akakwangua unga wa mbao uliogandamana, akageuza skrubu ya chini kwa bisibisi. Akawasha tena. Katoni safi. Akaanza upya, taratibu, kama mtu anayeosha mtoto.

“Wewe ni fundi ama ni daktari wa pawa?” baba mkubwa akamtania. “Si jana ulikata Dagoretti na hii hii?”

“Jana ni jana, mzee.”

Nilikuwa nimechuchumaa karibu, nikauona mshale uliochongwa kando ya skrubu. “Baba, unageuza upande wa kufunga!” nikapaza sauti, mwerevu wa darasa la nne.

Hakuna aliyecheka. Baba hakuniangalia. Mama alikuwa mlangoni na sufuria ya chai, macho yake kwenye mti. Baba mkubwa alimtazama mama, akaitazama skrubu, kisha akavua koti, akaenda mwenyewe kung'oa kigingi cha kona na kukirudisha nyuma.

“Nyumba moja ikipungua hatutakufa,” akasema.

Nilinuna wiki nzima.

Kwetu, binti wa kwanza hupewa jina la mama mzaa baba. Wa pili, la mama mzaa mama. Mimi, niliyejijua kama kifungua mimba, nina jina la mama mzaa mama. Nimelibeba shuleni na chuoni, nikaandika hata makala ndefu yenye kujidai kuhusu majina ya kwetu, bila kujiuliza lile la kwanza lilikwenda wapi.

Mama alipofariki, tulikuta ameomba alazwe kando ya mwavokado. Wachimbaji walisimama na majembe yao, wakaniuliza waanzie upande gani. Baba, ambaye sasa hutembea kwa mkongojo, aliwajibu kabla yangu.

“Huu. Upande ule kuna mtu.”

Hakumtaja jina, na kwa mara ya kwanza maishani nililijua.