Shangazi Alinifundisha Sigara ya Moto Ndani, Kisha Akanikana

Shikamooni wakubwa, wenzangu mambo. Admin, jina langu lifiche vizuri, kwa sababu ndugu zangu wengine wanasoma hii page kabla hata ya kunywa chai. Mimi ni binti wa miaka kumi na saba, nipo kidato cha nne, naishi Igogo hapa Mwanza na baba pamoja na shangazi, mdogo wake baba. Mama alifariki kabla sijaanza shule. Shangazi ndiye aliyenilea, akanisuka, akanifundisha mambo ya kike, na kwenye vikao vya wazazi shuleni anakuja na kitenge chake kizuri utadhani kaalikwa harusi. Nawaeleza haya ili mjue aliyenitosa si mtu baki.

Shangazi anauza dagaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Anavuta sigara, ila baba hajui, maana anavuta kama bibi zetu wa visiwa vya huku ziwani: anaigeuza, upande wa moto unaingia mdomoni, anafumba midomo. Anasema hivyo upepo wa ziwa hauizimi na mikono inabaki na kazi. Ukimwangalia kwa mbali unaona mama anaanika dagaa tu, na harufu yote tunawasingizia dagaa na moshi wa jikoni.

Nilipokuwa kidato cha pili jino la nyuma liliniuma hadi shavu likavimba. Baba alikuwa safarini Shinyanga. Shangazi akasema habari za kung'oa tuziache, kuna dawa ya kwetu. Akawasha sigara, akaigeuza, akanielekeza niushikilie moshi upande unaouma. Nilikohoa mpaka machozi, lakini baadaye jino likatulia. Akanionya baba asijue, wanaume hawaelewi dawa zetu. Likiuma tena, tunarudia. Mwishowe jino liliacha kuuma na mimi nikawa siwezi kuacha. Jumamosi tulikaa nyuma ya chanja za dagaa, yeye na yake, mimi na yangu, ananisimulia mama alivyokuwa anacheka. Sitawadanganya, nilizipenda sana zile Jumamosi.

Mwaka huu fizi zikaanza kutoka damu nikipiga mswaki. Mdomo ukanuka, hadi mwenzangu wa kwaya akawa anageuza uso kistaarabu. Kwenye kaakaa kukawa na weupe na kidonda kisichopona. Baba akanipeleka kwa daktari wa meno. Daktari alinimulika kidogo tu, akauliza nani kanifundisha kuvuta sigara kwa kuigeuza. Baba akacheka, akasema huyu ni mwanakwaya. Daktari hakucheka. Akaeleza kuwa moto ule unaunguza kaakaa na moshi unaharibu fizi, na kidonda cha namna ile hakiachwi hivi hivi. Akachukua kinyama kidogo cha kupima, akaniambia niache kuvuta siku hiyo hiyo. Sikumtaja shangazi. Niliamini tukifika nyumbani atasema mwenyewe.

Baba akatuketisha sebuleni, akamuuliza shangazi kama alikuwa na habari. Nilimwangalia. Alikuwa anakunjakunja ncha ya kanga yake. Akasema, "Kaka, mimi nitajulia wapi? Nilimwonya kuhusu wale wavulana wa stendi Buzuruga, hasikii. Mtoto akililia wembe mpe."

Jamani. Huo wembe alinipa yeye, na wala sikuulilia, nilikuwa nalilia jino. Hao wavulana hata siwajui. Tangu siku ile baba haniiti "mama" kama alivyozoea, na amesema nikimaliza mitihani nakwenda kijijini kwa baba mkubwa, habari za chuo nisahau. Kikulacho ki nguoni mwako: shuleni nilikuwa naiandika kwenye insha bila kuielewa.

Kesho yake shangazi alinifuata nikiwa nafua. Hakuomba msamaha. Akasema, "Wewe ni damu yake, atakusamehe. Mimi nikifukuzwa hapa nitakwenda wapi? Mume sina, mtoto sina." Nikamjibu kwamba mtoto alikuwa naye, kamtupa pale sebuleni. Akaondoka.

Nimemchukia, nasema wazi. Sigara nimeacha, mwili unanisumbua lakini nimeacha, na nilishaamua kumwambia baba kila kitu, liwalo na liwe. Ila juzi nikamwona anakula. Ugali anausubiri upoe kabisa, anakata tonge dogo, anatafuna upande mmoja huku kafumba macho. Nikamwambia afungue mdomo. Alikataa, nikang'ang'ania mpaka akakubali, nikamulika kwa tochi ya simu. Kidonda chake ni kikubwa kuliko changu. Akakiri anacho tangu mwaka jana, na kwa daktari haendi, kwa sababu baba atajua na yeye ataumbuka. Yaani tangu mwaka jana anajua ile sigara inafanya nini mdomoni, na kila Jumamosi aliendelea kunipa.

Majibu yangu yanatoka wiki ijayo, na baba ndiye atakayenisindikiza. Nikimtaja shangazi, atafukuzwa, hasira za baba nazijua, na mgonjwa yule hana pa kulala. Nikinyamaza, mimi nimempoteza baba, na yeye kidonda kitammaliza ndani ya nyumba yetu. Mlio wazazi, niambieni naanzaje kulisema hili mbele ya baba. Na naombeni msinijibu kwamba nisamehe tu, kwa sababu hata kuniomba msamaha bado hajaniomba.