Mbegu za Mtapo Chini ya Kitanda

Kazini walimwita Kesho, naye hakuchukia. Alikuwa mfanyakazi wa kitalu cha miche ya mapambo, mtu wa miaka arobaini na mbili mwenye mikono mikubwa na ahadi nyingi. Bawaba iliyolegea ya mlango wa nyumbani kwake ilimngoja tangu mwanawe wa kwanza alipoanza shule. Sasa mwana huyo alikuwa na ndevu. Kazi yenyewe alitafutiwa na kaka wa mkewe, msimamizi wa kitalu, aliyedamka kabla ya jogoo na kuamini kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo.

Mwaka mmoja mtapo wa getini, ule mti unaofanana na mnazi uliokataa kurefuka, ulizaa. Zilidondoka mbegu nyekundu kubwa kama mayai ya njiwa. Msimamizi akazigawa sitini sitini.

"Shemeji, hizi zako. Ziwe ardhini leo."

"Leo hiihii, shemeji."

Msimamizi alizipanda zake jioni ileile, akawa anazimwagilia kutwa mara mbili kama anayelea mtoto njiti. Kesho alizipeleka zake nyumbani, eti akazisafishe kwa utulivu. Mkewe aliposikia kwamba lile ganda laini la nje lina sumu, alimsimamia mpaka akavaa glavu na kulimenya lote. Zilizobaki, ngumu na nyeupe, Kesho alizitia kwenye boksi la viatu pamoja na maranda yenye unyevu kidogo, akalisukuma chini ya kitanda, upande wa ukutani penye ubaridi.

"Unazipanda lini?" mkewe aliuliza.

"Wiki hii."

Hakusema wiki ya mwezi gani. Msimamizi alipouliza, alijibiwa kwamba zinaendelea vizuri, jibu ambalo, ukilipima sana, halikuwa uongo. Baada ya miezi minne msimamizi alichoka kungoja, akafukua mbegu yake moja. Ilikuwa uji. Akafukua zote sitini. Uji mtupu.

Mwezi wa kumi tangu zifichwe, mke wa Kesho alilivuta boksi akifagia. Mbegu zilikuwa zimeanza kupasuka na kutoa mizizi minene. Kesho alizipanda siku hiyohiyo, si kwa bidii, kwa hofu. Zikaota hamsini na moja.

Mwenye kitalu alimleta mtaalamu wa mimea, mama wa makamo mwenye daftari.

"Nani alikufundisha?" alimuuliza Kesho. "Mbegu ya mtapo huanguka kiini chake bado kichanga. Lazima ihifadhiwe miezi mingi, kivulini, isikauke wala isilowe."

"Hakuna aliyenifundisha, mama. Nilikuwa naahirisha tu."

Mtaalamu akacheka, akaandika: mvumilivu, tena mnyenyekevu. Mwenye kitalu akatoa cheti. Msimamizi akapiga makofi kwa uso wa mtu aliyelamba shubiri.

Cheti kile kilimtesa Kesho kuliko lawama zote alizowahi kupata.

"Nimetuzwa kwa uvivu," alimwambia mkewe.

"Basi kistahili."

Akaapa kubadilika. Maneno ya mtaalamu aliyaona ya kumpamba tu. Hakuamini kwamba uvivu unaweza kuwa na elimu ndani yake. Mtapo ulipozaa tena alipewa mbegu mia. Alidamka, akazimenya, akazipanda zote kabla ya chai, akamwagilia bila kukosa siku hata moja. Zikaoza zote.

Alikwenda ofisini kwa msimamizi kukiri. Msimamizi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua kabati na kutoa kopo lenye mbegu arobaini ndani ya maranda.

"Niliweka hizi pembeni," alisema taratibu. "Nilikuiga wewe. Usimwambie mtu."

Walizitunza pamoja, wakilifunua kopo kila Jumatatu. Zilipoota thelathini na sita, mwenye kitalu alidhani ni mbegu za Kesho, akaandika cheti cha pili kwa jina lake. Kesho akakataa kukishika.

"Hiki ni chako, shemeji. Twende tukamweleze ukweli."

"Pokea," msimamizi alisema. "Tukianza na ukweli, ataulizia zile mia zilizooza."

Kesho akapokea.