Ngazi Tatu za Theta

Marehemu Gichuru alipojenga nyumba yake huko Theta aliinua msingi juu kuliko majirani wote, na majirani wakamcheka. Udongo wa pale ni ule mweusi unaonata. Ukinyeshewa unavimba, ukikauka unapasuka nyufa za kumeza kifaranga. Mzee alisema hataki mafuriko ya mwezi wa nne yamkute kitandani. Basi mlango wa mbele ukawa na ngazi tatu za saruji, na kwa miaka mingi hakuna aliyezifikiria. Mwanawe Gachau alikuwa akizishuka kwa mruko mmoja, baiskeli begani.

Gachau alikuwa mwendesha baiskeli wa mashindano. Alianza na ile baiskeli nzito ya kusambazia mkate madukani, mpaka siku moja Abdulkarim, fundi wa baiskeli pale Ruiru, alipomwona akiipita pikipiki mlimani na kreti ya mkate nyuma. Abdulkarim akamsimamisha, akamwambia kwamba miguu kama ile kuipa kazi ya mkate ni dhambi, na akamuundia baiskeli nyepesi kwa vipande alivyookota huku na kule. Kwenye tambarare walikuwepo wa kumshinda. Kukianza kupanda, walimwona mgongo tu.

Halafu Jumamosi moja asubuhi, akiteremka barabara ya Ngoliba kwa kasi ambayo ukiisimulia unaonekana mwongo, mkokoteni wa punda uliojaa mitungi ya maji ukaingia barabarani. Gachau akachagua mtaro. Punda hakuumia hata ukwato. Alisimama pale akitafuna, mwenye mkokoteni akipiga nduru. Gachau alivunjika uti wa mgongo. Aliporudi nyumbani baada ya miezi ya hospitali, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, ndipo watu walipoziona zile ngazi tatu.

Aliyemshughulikia hospitalini Thika aliitwa Nduku, mtaalamu wa viungo, mama asiyepoteza maneno. Mwaka mzima alimkunja na kumkunjua miguu, kisha siku moja akamkalisha yeye na mamake, Magdalene, akawaambia.

"Gachau, zile neva zilikatika. Miguu haitarudi. Mikono uko nayo, na ni mikono ya nguvu. Nendeni nyumbani mjenge rampu, mteremko wa kiti hapo kwa mlango, uanze kuingia na kutoka mwenyewe."

Gachau akacheka kidogo. "Madam, tangu lini mtu akaomba mlima usawazishwe?"

Nduku akamtazama Magdalene. Magdalene akatazama sakafu.

Usimwone Gachau mjinga. Hayo ndiyo maisha aliyoyajua. Alijua kwamba nguvu hupotea na kurudi, kwamba kila mlima una mahali ambapo mapafu yanakuambia imetosha, na kwamba wanaosikiliza ndio wanaoachwa. Waliwahi kumwambia goti lake limekwisha, na msimu uliofuata akashinda. Kwa hiyo aliusikia ushauri wa Nduku kama sauti ile ile ya mapafu. Jioni hiyo, mamake alipotaja yale mawe ya kuchonga ambayo mzee aliyaacha kando ya ua, Gachau alimkata kauli.

"Maitu, mkijenga hiyo kitu, mmenizika. Hizo ngazi nitazishuka na miguu yangu."

"Sawa, baba," akasema Magdalene.

Alimwita baba kwa sababu Gachau ni jina la baba mzazi wa Magdalene, na mtu unayemwita baba tangu akiwa kwenye nepi si rahisi kubishana naye. Mawe yakabaki uani, kuku wakaendelea kutaga katikati yake. Baiskeli ikabaki imetundikwa kwenye ukuta wa sebule, na kila Jumamosi Gachau aliomba ishushwe akaijaza upepo, maana tairi likikaa bila upepo hupasuka.

Na Magdalene akabeba. Siku za kliniki alisaidiwa na Kiama, dereva wa Probox aliyekuwa akiwapeleka Thika: Kiama mbele akishika miguu ya kiti, mama nyuma akizuia. Siku nyingine zote alikuwa peke yake. Nduku alikuwa amesema kijana apate jua, basi kila asubuhi mama wa miaka sitini na kitu alikiinamisha kile kiti nyuma, akajikaza, akakishusha ngazi baada ya ngazi, meno yakiuma hewa. Kushusha kulikuwa nafuu. Kupandisha ndiko kulikokuwa kazi. Alikuwa akikivuta kinyumenyume, anapumzika ngazi ya pili, anacheka kwa aibu, kisha anavuta tena.

Abdulkarim alikuwa akija Jumapili, wengine wakiwa kanisani. Alikaza skrubu za kiti, akapaka grisi, akapiga domo. Siku moja aliwakuta kwenye ngazi ya pili.

"We Gachau, huyu ni mamako ama ni winchi?"

"Ni mpaka nipone tu."

"Na usipopona?"

"Umeanza kuongea kama Nduku. Nishushie baiskeli, tairi ya nyuma imelegea."

Abdulkarim hakuishusha mara moja. Alisimama pale mlangoni akimwangalia Magdalene akielekea jikoni, mkono mmoja kiunoni, akitembea kama anayeogopa kuamsha mtu. Gachau naye aliona. Hilo lisemwe wazi, maana baadaye alijaribu kujidanganya kwamba hakuona. Aliuona ule mkono kiunoni siku hiyo, na wiki iliyofuata, na mwezi uliofuata, na akazidisha mazoezi ya kitandani akidhani hiyo ndiyo njia ya kumsaidia.

Mwezi wa nne ukafika na mvua yake. Asubuhi hiyo Magdalene alimwambia hatamtoa nje, jua lenyewe liko wapi. Kweli mvua ilikuwepo, lakini alivyoshika kiti cha sofa ili asimame, ilikuwa wazi kwamba hata jua lingekuwepo asingeweza. Akajifunga kitambaa kichwani, akachukua ndoo, akaenda kukama ng'ombe. Stima ilikuwa imepotea tangu jana na simu zote mbili zilikuwa zimekufa. Majirani walikuwa mazishini Ngoliba.

Gachau alisikia ndoo ikianguka. Akasubiri kusikia mamake akimgombeza ng'ombe, kama kawaida yake. Badala yake akasikia jina lake.

"Gachau!"

Hakusema baba. Alisema Gachau, kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia. Akakimbiza kiti mpaka mlangoni, akafungua. Mamake alikuwa amelala kwa ubavu kwenye matope karibu na zizi, mguu mmoja umekaa vibaya, maziwa yamemwagika kandokando yake yakichanganyika na maji ya mvua. Kutoka mlangoni hadi zizini ni mwendo ambao kuku huumaliza akidonoa. Katikati palikuwa na ngazi tatu.

Akapiga kelele. Aliita Mama Becky, jirani wa karibu, akaita Kiama, akaita hata Abdulkarim aliyekuwa Ruiru. Mvua ilikuwa ikipiga mabati, hakuna aliyesikia. Akasogeza magurudumu ya mbele mpaka ukingoni, akayarudisha. Mtu aliyekuwa akitoka Ruiru mpaka Murang'a na kurudi kabla ya chakula cha mchana alikaa mlangoni pake akimtazama mamake akinyeshewa, na hakuwa na la kufanya. Moyo ulimuuma vibaya kuliko siku ya mtaro.

Kisha akajiangusha.

Alitangulia kwa mikono, miguu ikafuata kama mzigo wa mtu mwingine. Ukingo wa ngazi ulimchuna ngozi ya muundi wote, na hakujua mpaka alipoona damu usiku ule. Matope meusi yakamshika viwiko. Alijivuta, akapumzika, akajivuta. Mapafu yakamwambia imetosha, na safari hii wala hayakumpa hasira. Alikuwa hana nafasi ya hasira. Alipofika, mamake aligeuza uso, akamwona alivyokuwa.

"Uui, baba! Mbona umetoka? Utaumiza mgongo."

Gachau akalia. Hakuwa amelia tangu Ngoliba, hata siku ile ya Nduku. Alilia kwa aibu, akalia kwa uchungu, akalia kwa kuwa mamake alikuwa amelala kwenye kinyesi cha ng'ombe na nyonga imevunjika, na bado alikuwa akiuhofia mgongo wa mwanawe.

"Nisamehe, Maitu."

"Nyamaza. Mama Becky atakuja kuchukua maziwa."

Akavua jaketi lake la timu, akamfunika. Akajilaza upande ule mvua inakotokea, wakakaa hivyo, ng'ombe akiwaangalia, mpaka Mama Becky alipotoka mazishini akaja na chupa yake ya maziwa na kuitupa chini alipowaona.

Magdalene alilazwa Thika, wodi ya chini tu ya ile aliyolala mwanawe. Walimfanyia upasuaji. Daktari alisema atatembea kwa fremu, polepole, kama mifupa itakubali, na kwamba kubeba vitu vizito amemaliza. Mama Becky alimletea Gachau chakula na kumkamia ng'ombe. Jumamosi ikafika, na Gachau hakuomba baiskeli ishushwe. Alimwomba Mama Becky simu, akampigia Abdulkarim.

"Kuja na koleo na saruji. Na usiseme kitu."

Abdulkarim alikuja, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakusema kitu. Kiama akaja pia. Walimshusha Gachau, wakamwekea gunia chini, akaketi kama wale akina mama wanaoponda kokoto machimboni, akaanza kuyavunja mawe ya babake kwa nyundo. Mengine yalikuwa na ukoko wa mavi ya kuku wa miaka. Siku nzima alivunja, viganja vikatoka malengelenge mahali ambapo zamani palikuwa na sugu za mpini wa baiskeli. Kila jiwe lilipopasuka alijua analofanya. Alikuwa akifukia kitu, na alikipenda kile kitu, na machozi yalimtoka akaendelea kupiga.

Walipofika kwenye kuupima mteremko, ndipo waliposhindana. Abdulkarim alinyoosha kamba kutoka kizingitini hadi karibu na kamba ya nguo.

"Hapa inatosha. Na mikono yako hiyo, utapanda ukiimba."

Gachau aliitazama ile kamba kwa jicho moja. Kupima mlima kwa macho alikujua kuliko wote waliokuwa pale. Alijua ni wapi mapaja yanaanza kuwaka.

"Sogeza."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka kwa mti wa parachichi. Hiyo umepima ni ya mimi. Maitu atakuja na fremu."

Ikawa ndefu kuliko sebule yenyewe, imelala kiasi kwamba mpira ukiuweka juu unafikiria kwanza ndipo ubingirike. Miaka yote Gachau alikuwa akitafuta milima mikali, na sasa alikuwa amejenga mlima laini kuliko yote ya Kiambu.

Magdalene alirudi siku ya Ijumaa, kwenye Probox ya Kiama, akiwa amekonda mpaka kitambaa cha kichwani kilikuwa kikimcheza. Walimkalisha kwenye kiti cha magurudumu cha kuazima kutoka kanisani. Gachau alikuwa akimngoja uani, amevaa shati safi, na kusema kweli alitegemea kuona mamake akifurahi. Kiama akaanza kumsukuma kuelekea mlangoni.

"Simamisha," akasema Magdalene.

Akaitazama ile rampu kutoka mti wa parachichi mpaka kizingitini. Akaitazama tena.

"Ni nani alijenga?"

"Ni mimi, Maitu. Na hawa."

"Ni nzuri," akasema, akitazama pale zilipokuwa zile ngazi tatu.

Hapo Gachau akaelewa jambo ambalo hakuwa amelielewa muda wote huo. Alidhani mamake alikuwa akimbeba kwa kumtii, au kwa kumhurumia. Kumbe alikuwa akimbeba kwa kumwamini. Kila alipokishika kile kiti alijiambia huenda huu ndio mwezi wa mwisho, na alikaza kiuno chake kwa tumaini alilopewa na yeye mwenyewe Gachau, na sasa amerudi kutoka hospitali akalikuta tumaini hilo limefunikwa kwa saruji.

"Kwa hivyo hutatembea, baba?"

Swali hilo halikuwa limewahi kuulizwa katika boma lile.

"Sitatembea, Maitu."

Magdalene akalia kwa sauti, kama watu wanavyolia kaburini udongo unapoanza kurudishwa. Abdulkarim akaligeuzia uso zizi la ng'ombe. Kiama akajifanya ana shughuli kwenye buti la gari. Gachau akasogeza kiti chake mpaka magurudumu yakagusana na ya kiti cha mamake, akamshika mkono, na wala hakumwambia itakuwa sawa. Alimwacha alie mpaka amalize.

Alipomaliza akavua kitambaa, akajifuta uso nacho, akakifunga tena kichwani taratibu.

"Haya," akasema. "Tangulia wewe. Nione vile inapandwa."

Gachau akakigeuza kiti, akashika magurudumu, akaanza kupanda, na mamake akabaki chini akimtazama mgongo.