Maji ya Sabuni Katika Breki

Banda la nyuma ya nyumba yetu pale Mahongole lilinuka petroli, kutu na maranda ya mbao za msindano, na kwa msimu mmoja wa baridi harufu hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya baba yangu. Baba alikuwa fundi wa mashine ya kusaga mahindi pale Makambako mjini. Alikuwa amenunua gari jekundu la milango miwili kwa mkulima mmoja Mzungu aliyekuwa anafunga shamba lake la miti ya miwati na kurudi kwao. Zamani gari hilo lilikuwa limekimbia mashindano, likapinduka, kisha likakaa miaka mingi katika banda la kuku. Lilipofika kwetu likivutwa na trekta, mama alilitazama kwa muda mrefu, akasema, "Baba Neema, umeleta maiti nyumbani." Baba akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka siku zile.

Alilifufua polepole, kila alasiri akitoka kazini. Alinyoosha bodi kwa nyundo ya mbao, akachomelea upya vyuma vinavyokinga paa, akang'oa kiti cha nyuma ili gari liwe jepesi. Springi alizitoa kwenye pikapu iliyokufa, na pale palipokuwa na kabureta moja akafunga mbili. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Mikono yangu ilikuwa midogo, kwa hiyo nati zilizojificha nyuma ya injini zilikuwa kazi yangu, na nilijua kila bomba lilikotoka na lilikokwenda. Baba mdogo Yona, ndugu yake baba wa mwisho, alikuwa akija na mkewe Rebeka kuangalia. Injini ilipowaka kwa mara ya kwanza, kuku wa jirani waliruka uzio. "Kaka," alisema baba mdogo akiwa ameziba masikio, "mwinjilisti akihubiri nawe ukapita na hiki chombo, waumini watadhani parapanda imelia." Rebeka akamjibu, "Na wewe ndiye utakayeachwa, maana utakuwa ndani yake."

Ilikuwa miaka ya maduka matupu. Spea zilitegemea dereva wa lori akukumbuke akifika Dar es Salaam. Gari lilikuwa limekamilika isipokuwa mafuta ya breki, na baba mdogo alikuwa ameahidi rafiki zake wa kwaya kwamba Jumamosi gari hilo litaongoza harusi yao Njombe. Ijumaa mchana mafuta yalikuwa hayajafika. Baba alikaa juu ya gurudumu akifikiri, kisha akaniambia nikachukue sabuni ya mche jikoni. Madereva wengi walifanya hivyo wakati ule: maji ya sabuni badala ya mafuta. Katika mashamba ya tambarare, trekta likienda mwendo wa mtu, yalitosha. Nilikata kipande, nikakikoroga katika maji ya moto mpaka yakawa meupe kama uji, na baba akayamimina. Akakanyaga pedali mara tatu. Ikashika. "Mama yako akiuliza sabuni, sema nimeichukua mimi," akasema.

Jumamosi asubuhi sakitu, ule umande ulioganda, ilikuwa imelala juu ya majani ya maharage. Mwenye mashine alikuwa amemkatalia baba ruhusa, kwa hiyo baba mdogo ndiye aliyeendesha, peke yake, amevaa suti ya kuazima. Nilisimama kati yao. Nilisubiri baba amwambie. Baba alisema tu, "Nenda polepole, Yona. Bado jipya." Baba mdogo akamjibu, "Kaka, polepole ningepanda baiskeli." Nilijua kwa nini baba alinyamaza. Angesema, mdogo wake angemcheka, fundi mzima anayefua breki kwa sabuni; na pengine angekataa kwenda, na harusi ingekosa gari. Mimi pia nilinyamaza, kwa sababu mtoto hamwaibishi baba yake mbele ya watu.

Barabara ya Njombe wakati huo ilikuwa ya vumbi, yenye mabonde mengi. Maji yakipata moto huchemka, na breki zenye mvuke ndani hazishiki kitu. Kwenye mteremko mrefu unaoshukia daraja, wakata mbao walimwona baba mdogo akipita huku akipiga honi mfululizo. Gari lilikutwa kwenye mikaratusi. Alizikwa Jumatatu, na kaburini baba alisimama, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Breki zilikata. Ni mapenzi ya Mungu." Watu wakaitikia amina. Mama yangu akaitikia. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Miaka miwili Mama mdogo Rebeka aliishi na neno hilo. Katika ibada za nyumba kwa nyumba alikuwa akiombwa aombe, naye alianza vizuri, kisha sauti ilikatika alipofika kwenye kushukuru. Mara moja alisema mbele yetu sote, "Bwana, nionyeshe tu nilikukosea nini." Halafu akaacha kuja. Wazee walimwendea wakamwonya juu ya kumnung'unikia Mungu, na baba alikuwa miongoni mwao.

Nilipoingia darasa la kipaimara, mwinjilisti alitufundisha amri ya kutolitaja bure jina la Bwana. Niliinua mkono. "Mwalimu, mtu akisema jambo ni mapenzi ya Mungu, na yeye anajua lilivyotokea?" Akajibu, "Huyo amemsingizia Mungu." Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja mashineni. Akina mama walikuwa kwenye foleni na madebe yao. Nikamwambia baba maneno ya mwalimu, karibu na sikio lake, kwa sababu ya kelele. Alizima mashine. Wanawake wakalalamika, mmoja akauliza kama leo watu wale mahindi mabichi. Baba alijifuta unga usoni, akanishika mkono, tukaenda kwa Rebeka.

Alisema yote akiwa amesimama mlangoni, kwa sababu hakukaribishwa kukaa. Mama mdogo alisikiliza huku akichambua maharage. Mwishowe akasema, "Shemeji, miaka miwili umeniacha nigombane na Mungu kwa kosa lako." Kisha akanigeukia. "Na wewe ulijua?" Nikajibu, "Nilijua, Mama." Akaendelea kuchambua maharage. Jumapili baba alikiri mbele ya usharika, akatengwa na Meza ya Bwana kwa muda, akarudishwa. Rebeka hakuwepo. Alikuwa amewachukua wanawe kurudi kwao Mlangali, na huko alizeeka. Nilipokwenda kumzika, mwanawe mkubwa aliniambia, "Dada, sitakuficha. Baba Mkubwa, mama hakumsamehe. Lakini na Mungu walipatana, alisali mpaka siku ya mwisho." Namshukuru Mungu kwa hilo, na hilo lingine namwachia yeye.

Leo Makambako ina maduka ya spea mtaa mzima, na mafuta ya breki yamepangwa mpaka mlangoni. Lakini katika misiba ya barabarani, ambayo ni mingi kuliko ya wakati wetu, bado nasikia neno lile la baba likisemwa kabla hata gari halijakaguliwa. Mwezi uliopita mjukuu wangu Amani na wenzake walimaliza kufufua gari la zamani, la mbio, walilolihangaikia mwaka mzima. Walilileta uani kwangu likiwa linang'aa, wakiwa na safari ya Njombe mchana ule. "Bibi, tuombee gari," akasema. Nikamwambia nitaliombea, ila kwanza aniambie ni kitu gani ndani yake hakijakaa sawa. Akakuna kichwa, akawatazama wenzake. Mmoja akatikisa kichwa kumkataza. Nilisubiri, uzee umenipa muda wa kusubiri. "Usukani, Bibi," akasema mwishowe. "Unavuta kushoto." Tukainamisha vichwa tukaomba, na gari halikutoka siku hiyo.