Malai Yaliyokamuliwa Mabibo

Kosa ninalokusudia kuliweka wazi hapa ni la mkubwa anayemvisha mdogo lawama iliyo yake. Vitabu vya maadili nilivyovisoma huliweka kosa hili pembeni, nyuma ya wizi na uongo, kana kwamba ni tawi tu la mti huo. Mimi naliona kuwa shina. Mwizi huchukua kitu chako akakimbia. Anayekuvisha lawama yake huchukua jina lako, kisha hukaa papo hapo akikukaribisha chai. Nawaandikia ninyi mnaooka majumbani leo, mjue kazi hii ilifanywaje zamani zetu, na mjue pia kilichokuwa kikiungua humo mbali na mkaa.

Siku yangu ya kwanza kazini niliondoka nyumbani Lukuledi nikafika Masasi nimevaa gauni la kanisani. Niliyemwendea alikuwa mwalimu mstaafu wa upishi. Mji mzima ulimwita Mwalimu, nami sikuwahi kumwita vinginevyo. Alioka keki na skonsi uani kwake kwa ajili ya ubatizo, maulidi na harusi.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Gauni hilo unakwenda kuolewa au kuoka?”

“Kuoka, Mwalimu.”

“Basi jifunge kanga. Moshi hauijui Jumapili.”

Hakunigusisha unga siku hiyo. Alinipa kazi ya malai. Maziwa mabichi yalimiminwa katika beseni pana, yakafunikwa kitambaa, yakaachwa yatulie mpaka mafuta yapande juu. Hayo mafuta ndiyo malai. Tuliyaengua kwa kijiko bapa, tukayatia katika chungu pamoja na kijiko cha malai ya zamani yaliyokwisha kuchacha, ambayo Mwalimu aliyaita mbegu. Bila mbegu malai huoza. Yenye mbegu huchacha. Tofauti hiyo, alisema, mtu asiyeijua kwa ulimi asijisumbue kuijua kwa macho. Alinionjesha kila asubuhi mpaka nikajua uchachu uliokomaa, ule unaouma kidogo ubavuni mwa ulimi kisha ukaacha utamu.

Siri ya ulaini wa keki zile ilikuwa hapo. Uchachu wa malai ndio unaoiamsha magadi soda, na magadi ikiamka huuinua unga. Malai yasipochacha, magadi hubaki imelala, na keki huwa nzito yenye ladha ya sabuni. Oveni hatukuwa nayo. Tulitandaza mchanga katika sufuria kubwa, tukaweka ndani yake sufuria ndogo ya keki, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko. Mwalimu aliujua moto kwa kuusogezea kiganja.

“Usiwahi kuliharakisha jambo linalochacha,” aliniambia. “Mteja akikuharakisha, mwambie arudi kesho. Akikasirika, hasira yake itapoa. Keki mbaya haipoi.”

Nilikaa kwake miaka ya kutosha kuolewa, kumzaa Tecla na kuanza kuitwa Mama Tecla. Mume wangu alipopata kazi katika ghala la korosho Newala, Mwalimu alinituma kwa mwanamke aliyewahi kuwa mlezi katika bweni la wasichana. Wote walimwita Mama Mlezi. Aliendesha jiko la nyumbani lililojulikana hadi vijiji vya mbali vya nyanda za juu, akiwa na wanawake kadhaa wa kumsaidia. Alinipokea kwa heshima, nami nikamtumikia kwa heshima.

Newala ilinifundisha upya. Masasi kuna joto, na malai huchacha upesi. Huku juu, ukungu unaposhuka, chungu hukaa kimya kama mgonjwa. Nilijifunza kukizungushia kanga na kukiweka karibu na mafiga, na kukubali kungoja mara mbili ya nilivyozoea. Maji nayo tulikinga ya mvua, kwa hiyo kila chombo kilioshwa kwa hesabu. Sikulalamika. Kazi ilikuwa njema na mikono yangu ilianza kusemwa vizuri.

Msimu mmoja wa mabibo, matunda ya mkorosho, mvua za kwanza zikiwa zimeanza na ukungu haujaondoka, familia moja ilileta habari kwamba binti yao anatolewa unyagoni. Walitaka keki. Kwetu jambo hilo si la tumbo peke yake. Mwali akitolewa, hummegea kwanza kungwi aliyemfunda, mbele ya watu wote. Kungwi akila na kushangilia, mwali amepata baraka. Kwa hiyo mpishi wa kitu kile hushika mikononi mwake heshima ya mtoto wa watu.

Walikuja wamechelewa. Nilionja malai nikayakuta bado matamu.

“Mama Mlezi, hayajachacha. Tuwaambie tutawapikia maandazi.”

“Maandazi? Kwa familia ile? Mama Tecla, unataka nichekwe?”

“Afadhali kuchekwa kuliko—”

“Nenda kachukue mkaa. Umeanza kunifundisha Newala, wewe mtu wa bondeni!”

Niliporudi na mkaa, keki ilikuwa imekwisha kuwekwa motoni. Alikuwa ameukoroga unga mwenyewe. Nyuma ya jiko niliona makapi ya mabibo yaliyokamuliwa, mekundu na manjano, nzi wamekwisha kuyazunguka. Nikaelewa. Alikuwa ameyatia malai maji ya mabibo ili yaonekane yamechacha. Kweli maji hayo huyagandisha mara moja. Lakini kila mtoto wa huku anajua kwamba bibo lina ukakasi: hukaza ulimi, hukwaruza koo, na doa lake halitoki nguoni.

“Mama, bibo litakakasa.”

“Sukari italifunika,” alijibu, akaupepea mkaa.

Uwanjani kulijaa vigelegele. Mwali alitolewa amevikwa kanga mpya, mafuta yakimng'aa, macho chini. Alimega kipande kwa adabu akamlisha kungwi wake, mwanamke mzee mwenye sauti nzito. Kungwi alitafuna mara moja, akaacha kutafuna, kisha akatema kiganjani. Ngoma ilinyamaza. Mwali hakuinua uso.

“Nani kaoka hii?” kungwi aliuliza. “Nataka kujua ulimi wangu umshtaki nani.”

“Labda kaoka na maganda ya korosho!” mwanamke mmoja alipiga kelele, na baadhi wakacheka.

Nilimtazama Mama Mlezi. Nilikuwa na hakika, kwa ujinga wa mtu aliyelelewa na Mwalimu, kwamba angesimama. Alisimama kweli.

“Ni huyu wa Masasi,” alisema, akininyooshea kidole. “Nimemwachia jiko siku moja tu. Watu wa bondeni hawaujui ubaridi wetu.”

Nilifungua kinywa. Shangazi wa mwali alinikatiza: “Nyamaza, mama! Umemharibia mtoto siku yake, na bado una la kusema?” Nyuma yake sauti nyingine ikauliza iwapo sikutia kitu kwa makusudi. Neno hilo la mwisho ndilo lililobaki. Kabla ya wiki kwisha lilikwisha kushuka hadi Chiwata na kupanda hadi Chilangala: yule wa Masasi alitia kitu katika keki ya mwali. Hakuna aliyetaka mikono yangu karibu na unga wake. Mama Mlezi aliniambia kwa upole nipumzike nyumbani mpaka watu wasahau. Upole ule ulinichoma kuliko kidole.

Aliyekuwapo wakati wa kukamua mabibo alikuwa mwanamke mmoja tu, muuza maziwa kutoka Chilangala, aliyekuwa anasuuza kopo lake uani. Mama Mlezi ndiye aliyekuwa mnunuzi wake mkubwa. Sikumwomba lolote, maana nilijua kusema kungemgharimu nini. Alikwenda mwenyewe kwa kungwi, akanikuta nami nimeitwa huko kujibu.

“Shikamoo, kungwi.”

“Marahaba. Umeleta maziwa?”

“Nimeleta macho. Mama Mlezi alikamua mabibo katika malai yangu mimi nikiwa nimesimama pale. Huyu alikwenda kuchukua mkaa.”

“Unajua atakufanya nini akisikia?”

“Ng'ombe wangu hawamjui. Wataendelea kutoa maziwa.”

Kungwi alicheka, lakini mwanamke yule hakucheka. Kungwi akawaita wazazi wa mwali, akawaambia aliyoyasikia, akamkataza mtu yeyote kunitaja tena kwa ubaya katika ngoma zake. Hivyo nikaruhusiwa tena kuoka. Sitawadanganya kwamba haki ilikamilika. Mama Mlezi hakukiri hadi anakufa. Aliacha kununua maziwa yale, na marafiki zake wakamfuata. Mara nyingi nilimwona muuza maziwa akirudi Chilangala na kopo zito jioni, maziwa yamekwisha kuharibika. Mimi nilinunua nilichoweza, nacho hakikutosha. Hata leo wako wazee wanaosema kwamba sisi wawili tulipanga kumsingizia Mama Mlezi.

Nimeacha kazi kabla ya uzee, kwa kuwa kifua changu kimechoshwa na mkaa. Wanangu wa leo wana oveni na hutia siki katika maziwa. Keki huinuka, sitabisha. Ninachouliza ni kingine: siku itakapotemwa mbele ya watu, nani atasimama? Nimewahudumia wakubwa wenye vyeo na vitambaa vyeupe. Waliojua kuoka ni wengi. Aliyejua kusema “nimeona” alikuwa mmoja, na watu walimwita Mama Maziwa tu, kana kwamba hakupewa jina na wazazi wake. Alipewa. Ni Esha Binti Mfaume.